Mtoto wa Nani? Mtihani na kujuana kwenye milango ya shule, kutoka Kibera hadi Kawangware

Dada yangu ameolewa Makina, Kibera, kwa Wanubi, na kila ukifika msimu wa watoto kupangiwa shule hunitafuta. Januari mwaka huu meseji yake ilikuwa na maneno matatu tu: "Kaka, wamjua mtu?"

Mzazi yeyote wa Kenya aelewa swali hilo bila kufafanuliwa. "Mtu" hapo si mtu yeyote. Ni mtu wa wizarani, au wa bodi ya shule, au mheshimiwa fulani, au hata karani, almuradi akipiga simu mwalimu mkuu ashike. Binti yake alikuwa ametoka Gredi ya 9 na matokeo mazuri, lakini mtambo wa serikali ukampangia shule ya kutwa aliyoiweka mwisho kabisa katika orodha yake ya shule 12. Yeye alitaka bweni, na alitaka kusoma sayansi mahali penye maabara.

Si mara ya kwanza. Januari 2024 tulipita njia iyo hiyo na kaka yake. Kijana alifanya KCPE ya mwisho, ile ya 2023, akapata alama 371 kati ya 500, huku akisomea chini ya mabati kwenye darasa ambalo mvua ikinyesha mwalimu hunyamaza kwa sababu hasikiki. Alipangiwa shule ya kutwa. Shemeji yangu akasikia kwamba shule moja ya bweni nje ya Nairobi ina nafasi zilizoachwa na watoto ambao hawakuripoti. Akafunga duka lake la makochi, akamchukua mwanawe, wakaenda. Waliketi kwenye benchi tangu asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Alipofikiwa, karani hakuuliza alama. Aliuliza, "Mmetumwa na nani?" Shemeji ni mtu wa kweli kupita kiasi, akajibu, "Hatukutumwa, tumekuja wenyewe." Faili likafungwa. Mbele yao mama mmoja alikuwa ameingia na bahasha ndogo, akatoka na orodha ya vitu vya kununua: sanduku, godoro, sare.

Shule hiyo siitaji. Wala sijui ndani ya bahasha mlikuwa na nini. Huenda ilikuwa barua halali ya uhamisho. Lakini swali la karani limenikaa kichwani kwa miaka miwili, na leo nataka nilieleze, kwa sababu sisi watu wa Pwani tuna mazoea ya kudhani kwamba milango hufungwa kwetu peke yetu, na kwamba kule bara wote wameketi sebuleni wakila.

Kibera si mbali na sisi kama ramani inavyoonesha. Waliotangulia kukaa pale ni Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani waliopigana katika jeshi la Mwingereza, KAR, wakapewa msitu ule mwanzoni mwa karne iliyopita. Jina lenyewe linatokana na neno lao la pori. Ni Waislamu, wameoana na sisi, na ukiingia nyumba ya Makina siku ya Idi utaona mambo mengi unayoyajua. Waliobaki wamekuja kutoka kila pembe ya Kenya kutafuta kazi. Kawangware iko upande wa magharibi, na ajabu yake ni majirani. Ukitembea kidogo tu unaingia Lavington, penye nyumba za ua na shule ambazo karo yake ya muhula mmoja ingemlipia kodi mtu wa Gatina kwa miaka. Mama wa Kawangware huenda huko kila asubuhi kufua nguo. Mtoto wake na mtoto wa yule anayefuliwa wamo kwenye eneobunge moja, Dagoretti Kaskazini, pamoja na Kileleshwa na Kilimani. Kibera nayo, hadi uchaguzi wa 2013, ilikuwa ndani ya Lang'ata pamoja na Karen. Kwa hivyo kila nafasi za shule zilipogawanywa "kwa wilaya", ilikuwa ni mgao wa sinia moja kati ya aliyeshiba na mwenye njaa, na kila mmoja akaambiwa ale kwa kasi yake.

Haya basi, mtihani.

KCPE ilianza mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4 ikaisha 2023. Imesemwa vibaya sana, na mengi yaliyosemwa ni kweli: ilikaririsha watoto, iliwatia hofu, ilimpima mtoto wa miaka 13 kwa siku tatu kisha ikamwandikia maisha. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo wakosoaji wake, wengi wao wenye watoto katika shule za kulipia, hawakuihitaji na kwa hivyo hawakuiona. Mtoto aliingia chumbani akiwa nambari. Mashine iliyosahihisha vile vidoti vya penseli haikujua kama babake ni waziri au ni wa mkokoteni. Kwa mtoto wa Kibera, zile alama ndizo zilizokuwa barua yake ya kujulishwa. Hakuwa na mjomba wizarani. Alikuwa na 371.

Ndiyo maana watu wa Kibera waliipenda Olympic. Hiyo ni shule ya msingi ya serikali iliyo ndani ya Kibera yenyewe, na kabla ya 2003 ilikuwa ikitajwa miongoni mwa shule za umma zilizofanya vizuri Nairobi. Januari 2003 serikali ya Kibaki ikafuta karo ya shule za msingi. Lilikuwa jambo jema, sitalisema vibaya. Lakini watoto wakamiminika Olympic hadi madarasa yakafurika, na wazazi waliokuwa wakijivuna nayo wakaanza kuwatoa watoto wao kuwapeleka katika vijishule vya kulipia vya mtaani. Mtafiti wa Kiingereza James Tooley alipita Kibera wakati huo akihesabu shule za namna hiyo, akapata 76. Sitini na sita au sabini na sita, la ajabu si idadi. La ajabu ni kwamba maskini ndio walikuwa wakilipa.

Na hapo pana kichekesho kichungu. Mwaka 2011 wizara iliamua kwamba nafasi za shule za kitaifa zigawanywe kulingana na idadi ya watahiniwa wa shule za umma na wa shule za binafsi, ili akademia za matajiri zisizoe nafasi zote. Nia ilikuwa nzuri. Lakini ile shule ya mabati ya Kibera, iliyojengwa na mchungaji au na mama mmoja mwenye huruma, na inayotoza karo ndogo ndogo, iliandikishwa mtihani kama shule ya binafsi. Kwa hivyo mtoto wake akawekwa kundi moja na mtoto wa akademia, agombanie naye nafasi zilizopunguzwa kwa makusudi ya kumbana tajiri. Kanuni iliyotungwa kumsaidia maskini ikamhesabu maskini kuwa tajiri.

Kisha kuna jambo ambalo haliandikwi kwenye matangazo ya waziri, nalo ni orodha ya pili. Orodha ya kwanza hutoka kwenye kompyuta, na kwa kadiri ninavyoona hiyo hufuata alama na chaguo. Lakini kila mwaka kuna watoto wasioripoti: wengine wamekosa karo, wengine wameitwa kwengine, wengine wamehama. Viti vyao hubaki wazi, na hapo ndipo kompyuta hunyamaza na simu huanza kulia. Mzee aliyesoma pale zamani ana mjukuu. Mbunge ana mpiga kura. Mfadhili wa basi la shule ana mpwa. Mwalimu mkuu naye ni binadamu, bado anahitaji bweni jipya na anahitaji kutohamishwa. Katika mtihani wa mwisho wa KCPE walifanya watoto takriban milioni 1.4, na waliopata alama 400 na zaidi walikuwa 8,525 tu. Hao milango iliwafungukia. Vurugu iko chini yao kidogo, kwenye 350 na 370 na 390, ambako watoto ni wengi na wote wanafaa, na ambako jina la baba laweza kuzidi alama 20.

Chuo kikuu ni hadithi nyingine, na hii naijua kwa ngozi yangu. Nilifanya KCSE mwaka 1999. Sheria ilisema, na bado inasema, kwamba mwenye C+ anafaa kusoma shahada. Lakini wakati ule waliochukuliwa na serikali walichaguliwa na bodi iliyoitwa JAB, na JAB haikuhesabu C+, ilihesabu vitanda. Vitanda vya bweni vikiisha, nafasi zimeisha, na mstari ukapanda hadi B na zaidi. Mimi nilipata B-. Nilikosa kwa kitanda. Nikasoma diploma hapa hapa Mombasa na sijuti, imenilisha na imenifikisha kwenye ukurasa huu. Ila mwenzangu wa darasa moja, tuliyekuwa tukikopeshana rula, alipata C+ kamili na mwaka uliofuata akawa anasomea sheria. Babake alilipa. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeanzisha masomo ya kujilipia, tuliyoyaita "parallel", mwaka 1998, na vyuo vingine vikafuata. Hakuiba nafasi ya mtu, hakutoa rushwa, kila kitu kilikuwa na risiti. Nami sikumwonea kijicho, au niseme nilimwonea kidogo. Ninachosema ni kwamba mstari uliotuzuia sisi ulikuwa wa watu wasio na pesa peke yao.

Mlango wa parallel ulizibwa na jambo ambalo halikulengwa kuuziba. Katika KCSE ya 2015 watahiniwa 2,685 walipata A, na matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa kwa udanganyifu. Karatasi za mtihani zilikuwa zikiuzwa kwa simu. Na wanunuzi ni nani? Si mtoto wa Laini Saba. Ni mwenye pesa na mwenye kujuana. Yaani hata ule mtihani usioona jina la baba ulikuwa umeanza kusoma mfuko wake. Machi 2016 waziri Fred Matiang'i akaivunja bodi ya baraza la mitihani, KNEC, makontena ya karatasi yakalindwa kama benki, na mwaka huo A zikashuka hadi 141. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 169,492 mwaka 2015. Mwaka 2016 wakawa 88,929. Ghafla vyuo vikawa na nafasi kuliko watu, kila mwenye C+ akapata nafasi ya serikali kupitia KUCCPS, ile idara iliyorithi kazi ya JAB, na darasa la parallel likakauka. Watu wengi walilia mwaka huo. Walimu wachache niliowauliza wa shule za Kibera walisema jambo ambalo sikulitarajia: kwao hakukuwa na kishindo. Watoto wao walikuwa wakipata alama zile zile kabla na baada. Hawakuwa na cha kupunguziwa.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya Afrika, wenzetu wa Ughaibuni hutazama akili tu. Basi natusafiri kidogo, hasa kwa kuwa safari yenyewe inaanzia Kibera.

Vyuo vikubwa vya binafsi vya Marekani kwa muda mrefu vimekuwa na desturi ya kumpendelea mtoto wa mtu aliyesoma pale. Si siri, ni sera, ina jina na ina ofisi. Chuo cha Harvard kiliposhtakiwa, hesabu zilizotolewa mahakamani zilionesha kwamba watoto wa waliosoma pale walikubaliwa takriban thuluthi moja ya walioomba, na wengine wakakubaliwa asilimia 6 hivi. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walilinganisha watoto wenye alama sawa katika mtihani wa SAT au wa ACT, mitihani ya kuingilia chuo kule. Mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya matajiri wa juu kabisa alikuwa na uwezekano wa kuingia vyuo hivyo zaidi ya mara mbili ya mtoto wa familia ya kati mwenye alama zile zile. Sababu walizozitaja zilikuwa urithi huo wa mzazi, michezo ya watu wenye nafasi, na yale mambo yasiyopimwa kwa mtihani: insha, barua za kusifiwa, shughuli za baada ya shule. Alama zenyewe hazikuwa na lawama kubwa hapo.

Wakati wa korona mwaka 2020 vyuo vingi viliacha kulazimisha SAT, kwa hoja kwamba mtihani humbeba tajiri. Na ni kweli, humbeba. Anayelipa mwalimu wa ziada hupata zaidi. Lakini MIT ilirudisha mtihani mwaka 2022, na Dartmouth ikafuata 2024. Uchunguzi wa Dartmouth wenyewe uligundua kwamba kuna watoto wa familia duni walioficha alama zao wakidhani ni ndogo, ilhali zingewasaidia, kwa kuwa chuo husoma alama kwa kutazama mtoto ametoka wapi. Nilisoma hilo nikamkumbuka shemeji kwenye benchi. Alikuwa na 371 mkononi, na hakuna aliyetaka kuiona wala aliyeuliza imepatikana wapi.

Sasa nitaiharibu hoja yangu mwenyewe, kwa sababu haki ya msomaji ni kuambiwa yote. Kennedy Odede alikulia Kibera katika umaskini wa kweli, bila ya masomo rasmi ya kumfikisha chuo. Mwaka 2004 alianzisha kikundi cha vijana, SHOFCO, ambacho leo kina shule ya wasichana na zahanati. Msichana wa Kimarekani, Jessica Posner, aliyekuwa akisoma chuo cha Wesleyan, alikuja Kibera kwa masomo, wakafanya kazi pamoja, naye ndiye aliyemhimiza aombe nafasi chuoni kwake. Wesleyan ikamchukua kwa ufadhili kamili na akahitimu 2012. Baadaye walioana. Mtihani ungemfungia mlango kijana yule moja kwa moja. Kilichomfungulia ni mtu aliyemjua. Na chuo hicho hicho, Julai 2023, kilitangaza kuacha kupendelea watoto wa waliosoma pale.

Kwa hivyo kujuana si jambo moja. Qur'ani yenyewe, katika Suratun Nisaa, inatenga uombezi mwema na uombezi mbaya, na kila mwombezi ana fungu lake. Kumshika mkono asiyeonekana ukampeleka mahali watakapomwona ni jambo moja. Kumpitisha wako nyuma ya nyumba wakati mwenye haki ameketi mbele kwenye benchi ni jambo jingine. Starehe, shule ya wavulana iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1959 na Geoffrey Griffin pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, imefanya kazi miaka yote kwa kuuliza "mtoto wa nani?" kinyume na wengine. Inataka alama, kisha inataka kujua hali ya nyumbani, na ufukara hapo humsogeza mtoto mbele. Wenye uwezo hulipa. Swali ni lile lile la karani. Tofauti ni jibu gani linakupa kiti.

Tuje kwenye jipya, maana ndilo lililomfanya dada aandike. Mfumo wa CBC umekula 8-4-4 gredi kwa gredi, na Januari 2026 kundi la kwanza liliingia Gredi ya 10. Watoto zaidi ya milioni 1.1 walifanya mtihani wa KJSEA mwishoni mwa 2025. Alama ya kumpangia mtoto shule haitokani na mtihani huo peke yake: asilimia 60 ni KJSEA, asilimia 20 ni mtihani wa Gredi ya 6, na asilimia 20 ni tathmini ya shuleni ya Gredi ya 7 na ya 8, ile ambayo mwalimu wa darasa huitoa mwenyewe na kuiingiza kwenye mtambo wa KNEC.

Nia yake nimeielewa. Mtoto asihukumiwe kwa siku tatu. Mwalimu amwone akishona, akipika, akiimba, akipanda sukuma wiki kwenye gunia. Ila hebu fikiria ile asilimia 20 inavyotembea. Shule moja ya Lavington ina watoto 20 darasani, mwalimu ana muda, kazi ya mtoto imepigwa picha ya rangi, na mzazi anayelipa karo kubwa anatarajia alama za kumfurahisha. Shule ya Kawangware ina watoto waliobanana, mwalimu wa sayansi ni huyo huyo wa kilimo na wa michezo, na picha ya kazi ya mtoto yataka mzazi apite saiba alipe kuchapisha. Mwalimu wa kwanza ana kila sababu ya kuwa mkarimu. Wa pili, akiwa mwaminifu, ataandika alichokiona, na alichokiona ni kidogo. Simtuhumu mwalimu yeyote kwa kuuza alama. Nasema tu kwamba kwenye KCPE mtu aliyetaka kumpendelea mtoto wake ilimbidi aibe karatasi, na kuiba karatasi ni jinai. Hapa hahitaji kuiba.

Dada aliniambia binti yake alitengeneza chujio la maji kwa chupa, mchanga na mkaa, kazi nzuri sana, akaibeba shuleni kwenye mfuko. Haikupigwa picha kwa sababu simu ya mwalimu ilikuwa imezima. Walipewa alama darasa zima kwa makadirio. Huenda hilo halikumpunguzia hata nukta moja. Lakini hakuna njia ya kujua, na kutojua huko ndiko kunakowafanya watu waandike "wamjua mtu?" usiku wa manane.

Kuna mlango mmoja zaidi, na huu sisi wa Pwani tunaujua barabara. Mtoto akishamaliza, akapata nafasi ya chuo, atahitaji mkopo wa HELB, na HELB yataka kitambulisho. Kwa Mnubi wa Kibera, kama kwa Mbajuni wa Lamu na Mwarabu wa Mji wa Kale, kitambulisho kwa miaka mingi kilikuwa na kamati. Ulete cheti cha baba, cha babu, uketi mbele ya wazee waseme wanakujua. Machi 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewavunjia watoto wa Kinubi haki yao ya uraia kwa utaratibu huo. Msako wenyewe uliendelea. Rais Ruto alitangaza kuufuta Februari 2025. Mume wa dada yangu ana babu watatu waliozikwa Kibera. Alipata kitambulisho akiwa na miaka 23, na nafasi yake ya chuo cha ufundi ilikuwa imeshapita. Hiyo ndiyo sababu ana duka la makochi. Sasa mwaelewa kwa nini karani alipomuuliza "mmetumwa na nani?" alijibu kwa sauti ile.

Ningekuwa na sauti wizarani ningeomba mambo ya kawaida tu. Shule ikishapata viti vilivyoachwa, ibandike mlangoni: viti ni vingapi, waliovichukua wana alama ngapi, wametoka shule gani. Majina si lazima. Tathmini ya mwalimu ifuatiliwe kwa sampuli, na shule ambayo alama zake za ndani ziko juu mno ya mtihani wa nje iitwe ijieleze, iwe ya Lavington iwe ya Likoni. Na shule za mabati zihesabiwe kivyao, si pamoja na akademia. Hakuna hata moja hapo linalohitaji pesa nyingi. Linahitaji mtu akubali kupoteza uwezo wa kumpa rafiki yake kiti, na hapo ndipo penye uzito.

Wengine watasema nafanya mtihani kuwa mtume. La. Ule mtihani uliniacha mimi nje kwa kitanda. Lakini nikiulizwa nichague kati ya mlango unaouliza "umepata ngapi?" na mlango unaouliza "umetumwa na nani?", mtoto wa Makina nampeleka kwenye ule wa kwanza, halafu nigombane na wenyewe wazitazame alama zake pamoja na mahali alipozipatia.

Mtaniuliza dada nilimjibu nini. Ninamjua mtu. Tulisoma naye diploma, sasa ana ofisi, na nambari yake iko kwenye simu yangu. Nilipiga siku hiyo baada ya isha. Haikushikwa. Nikapiga tena asubuhi, ikalia hadi ikakatika. Sikutuma meseji kwa sababu sikujua niandike nini ambacho nisingeona haya kukisoma hapa. Binti ameripoti shule aliyopangiwa, anaenda kwa miguu kutoka Makina, dakika 40, na mwalimu wao wa kemia, kwa mujibu wake, ni mzuri.